Kimya cha Mkimbizi katika By the Sea ya Abdulrazak Gurnah

Ni kawaida kudhani kwamba kizuizi cha kwanza cha mkimbizi ugenini ni lugha. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea (2001), inaitilia shaka dhana hii. Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar, anawasili Gatwick akikifahamu Kiingereza barabara, ila anajifanya hakijui, kama alivyoshauriwa na aliyemuuzia tiketi. Hata jina analotumia si lake. Ni la hasimu wake wa zamani, Rajab Shaaban.

Hoja yetu ni kwamba kimya hiki si upungufu wa mhusika, bali ni sharti la kupokewa. Mwenyeji amekwisha kumtungia mkimbizi hadithi moja, ya mnyonge asiye na kauli, na mwenye kutaka hifadhi hana budi kuingia ndani yake. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, ambaye wazazi wake pia walikuwa wakimbizi, kutoka Romania, anamnyang'anya kasha la udi. Kwa Mswahili, udi ni harufu ya arusi na ya ukaribisho. Mgeni basi anapokonywa kile ambacho kwao angemfukizia mgeni.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii huelekezwa kwa mgeni mzembe, lakini inamwajibisha mwenyeji vilevile, kwani jembe sharti litolewe. Saleh anapewa makao na huruma, jembe hapewi.

Anayemwezesha kusema kwa ukamilifu ni Latif Mahmud, mhadhiri wa London na mwana wa Rajab halisi, aliyetafutwa kwanza awe mkalimani wake. Latif hamhurumii, anamdai maelezo kuhusu nyumba ya baba yake. Ni katika kudaiwa huku ndipo Saleh anaporudishiwa utu wake.

Hata hivyo, suluhu hii ina walakini. Ni ya wanaume wawili. Asha, mamake Latif, na Salha, mkewe Saleh aliyefariki mumewe akiwa kifungoni, wanasimuliwa pasi na kusimulia. Aidha, wageni wanasikilizana wao kwa wao, huku nchi iliyowapokea ikibaki vile vile. Msomaji wa Kenya, ambako kambi za Dadaab na Kakuma zilianzishwa mwaka 1991 na 1992, hawezi kuliona hilo kuwa kosa la Uingereza pekee. Naye ni mwenyeji. Jembe liko mikononi mwake.