Touring ya Milano: bodi nyepesi ilivyojengwa, na kiwanda kikubwa kilivyoiangusha

Kabla Aston Martin haijaonyesha gari lake DB4 mwaka 1958, mhandisi wake Harold Beach alikuwa ameshachora chasisi: mihimili ya chuma iliyozunguka pembezoni, katikati wazi. Mchoro ulipofika Milano kwa mafundi bodi wa Carrozzeria Touring, jibu likawa hapana. Bodi yao isingekaa juu ya chasisi ya namna hiyo. Walitaka sakafu nzima ya chuma, ngumu, isiyojipinda. Beach akarudi mezani na kuchora upya. Mazoea ni kwamba mwenye kiwanda cha magari anaagiza na fundi bodi anatekeleza. Safari hii aliyeagiza ndiye aliyebadili mpango wake, na sababu ilikuwa ya kiufundi tupu.

Touring ilianza mwaka 1926, pale Felice Bianchi Anderloni na Gaetano Ponzoni waliponunua karakana ya bodi jijini Milano. Enzi hizo magari ya kifahari mara nyingi yaliuzwa chasisi na injini tu, mnunuzi akaipeleka kwa fundi wake aivishe apendavyo. Karakana hiyo ndogo ikachukua leseni ya Charles Weymann, rubani aliyeleta mbinu za ndege kwenye magari. Bodi ya Weymann ilikuwa fremu ya mbao zilizoungwa kwa vipande vya chuma bila mbao zenyewe kugusana, kisha ikafunikwa kitambaa. Kwenye barabara mbovu fremu ilicheza kidogo na haikulia. Ilikuwa nyepesi pia. Ila kitambaa kinachakaa, na hakikubali kila mkunjo ambao mchoraji anautaka.

Katikati ya miaka ya 1930 Touring wakaja na mbinu yao wenyewe, wakaipa jina Superleggera, yaani nyepesi kupita kiasi. Ukiitazama kwa makini utaona fikra ya Weymann bado imo ndani: mifupa kando, ngozi kando. Mbao zikawa vibomba vyembamba vya chuma, kitambaa kikawa bati la aluminiamu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Vibomba vilipindwa kufuata kiolezo, vikachomelewa kimoja kwa kingine mpaka gari zima likaonekana kwa mistari tu: ukingo wa dirisha, mgongo wa paa, duara la tairi. Bati lilifuliwa kwa nyundo kipande kwa kipande, likajaribiwa juu ya fremu, likashushwa, likagongwa tena. Lilipokubali, kingo zake zilikunjwa kuzunguka bomba. Halikuchomelewa kwenye chuma, na katikati ya metali hizo mbili kiliwekwa kitambaa kizuie mtikisiko na kutu. Ni kama mwamvuli: vijiti vinashika umbo, turubai linafunika.

Hapo ndipo wengi wanapokosea wanapoisifu. Vibomba vile havikubeba gari. Vilibeba ngozi yake peke yake, ndiyo maana viliweza kuwa vyembamba hivyo. Nguvu zote za kona, breki na mashimo zilibaki kwa chasisi. Sakafu ikijipinda, vibomba navyo vinajipinda na bati linaanza kupasuka. Wepesi wa juu ulilipiwa na ugumu wa chini, na Beach alilazimika kuulipa.

Kwenye mashindano mbinu hii haikuhitaji wakili. Mwaka 1938 Clemente Biondetti alishinda Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia, kwa Alfa Romeo 8C 2900B yenye bodi ya Touring. Mwaka 1940, mbio hizo zilipokimbizwa kwenye mzunguko kati ya Brescia, Cremona na Mantova, mshindi alikuwa BMW 328 ya Wajerumani Huschke von Hanstein na Walter Bäumer, yenye paa lililochongwa kukata upepo, na bodi hiyo pia ilitoka Touring. Humo humo zilikimbia Auto Avio Costruzioni 815 mbili, magari ya kwanza ya Enzo Ferrari kwa mkono wake mwenyewe. Nazo Touring walizivisha, ingawa hazikumaliza. Felice akafariki 1948, mwanawe Carlo akashika usukani, na mwaka huo huo Ferrari 166 MM ikaonyeshwa Torino. Mwaka uliofuata ikashinda Mille Miglia na Le Mans.

Kutu, hata hivyo, haikuondoka. Maji yakipenya, chuma na aluminiamu hulana, na fundi anayefufua DB4 leo hulazimika kufumua bati zuri ili afikie bomba lililooza ndani.

Husemwa kwamba Touring iliuawa na magari yasiyo na chasisi. Sikubali moja kwa moja. Alfa Romeo 1900 ilikuwa na bodi na sakafu kitu kimoja, na bado Touring waliivisha vizuri, kwa kuwa Alfa iliwapa sakafu yenye nguvu ya kujengea. Leseni ya Superleggera waliyowauzia wajenzi wengine nayo iliingiza fedha bila Milano kugonga bati hata moja. Kilichowamaliza, kwa maoni yangu, ni kutaka ukubwa. Walijenga kiwanda kipya Nova Milanese wakitegemea mkataba wa kuunganisha magari ya kundi la Rootes la Uingereza. Kiwanda kina mishahara na riba ya kila mwezi, gari liwepo lisiwepo. Rootes yenyewe ikayumba, mikopo Italia ikabana, na Sunbeam Venezia waliyoivisha mwaka 1963, ghali kwa jina la Sunbeam, haikuzidi kwa mbali magari 200. Kampuni ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama.

Katikati ya taabu hiyo ndipo walipomjengea Ferruccio Lamborghini bodi za 350 GT, gari lake la kwanza sokoni. Oda ilikuwa ya kufaa kabisa karakana ile ya zamani. Kwa kiwanda kipya ilikuwa ndogo mno. Milango ikafungwa mwishoni mwa 1966. Mwaka uliofuata Mario Marazzi, aliyekuwa fundi wao, akafungua karakana yake na wenzake wachache, na Lamborghini ikampa gari lake la Islero alijengee bodi.