Riwaya za Maajabu na Mzaha Zigeuzwapo Sinema

Husemwa mara nyingi kwamba riwaya ya maajabu yenye mzaha haiwezi kugeuzwa sinema ikabaki na ladha yake. Sababu itolewayo aghalabu ni urefu: kitabu kina kurasa mia tatu na sinema ina saa mbili tu, kwa hiyo hapana budi mengi yatupwe. Sababu hii ni dhaifu. Kitabu cha Lewis Carroll juu ya Alice katika nchi ya ajabu, kilichochapwa mwaka 1865, ni kifupi. Mtu aweza kukimaliza kwa jioni moja. Kimefanywa sinema mara nyingi tangu mwaka 1903, na hata hivyo kimewatatiza waongozaji kuliko vitabu vinene vya vita na mapenzi. Ugumu basi haumo katika wingi wa kurasa.

Yafaa kwanza tuulize kicheko chenyewe hukaa wapi. Joka si kichekesho. Joka linalosimuliwa kana kwamba ni mpangaji aliyechelewesha kodi ya nyumba ni kichekesho. Msomaji huona mambo mawili kwa pamoja: jambo kubwa lisilowezekana, na mtu analieleza kwa utulivu wa karani. Sinema hutuonyesha joka, na siku hizi hutuonyesha kila gamba lake. Karani haonekani wala hasikiki. Na ajabu isiyokuwa na msimulizi wake wa mzaha hugeuka mara moja ikawa kitisho au fahari.

Terry Pratchett wa Uingereza ni mfano bora wa jambo hili. Katika riwaya zake Mauti ni mhusika, na maneno yake huchapwa kwa herufi kubwa zilizopunguzwa kimo, bila alama za usemi. Msomaji huisikia sauti hiyo kwa macho. Riwaya yake Hogfather ya mwaka 1996 ilipofanywa sinema ya televisheni yenye sehemu mbili mwaka 2006, Mauti alipewa sauti ya Ian Richardson, nayo ilikuwa sauti nzito na nzuri. Mwigizaji hana lawama. Lakini mzaha wa herufi ulikuwa umekwisha, na kilichobaki ni fuvu lenye sauti nene. Tena Pratchett hupenda tanbihi, ambazo kwazo humvuta msomaji kando na kumnong'oneza upuuzi wa hekima. Kiwambo cha sinema hakina chini ya ukurasa pa kunong'onea.

Douglas Adams alikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa kazi yake The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ingawa ni safari ya nyota zaidi ya uchawi, ilianza redioni mwaka 1978 kabla ya kuwa kitabu mwaka 1979. Ilizaliwa masikioni. Katika sinema ya mwaka 2005 sauti ya ule mwongozo wa wasafiri ilisomwa na Stephen Fry. Inaposema, tunacheka, na inaponyamaza, hadithi hurudi kuwa ya kufukuzana na kupendana kama nyingine elfu.

Wengine watajibu kwamba dawa ni uaminifu: kila kilichomo kitabuni na kiwemo katika sinema. Wafasiri wanajua kwamba sivyo. Katika kitabu cha Carroll panya anatangaza hadithi, naye Alice anafikiri mkia, kwani kwa Kiingereza maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa. Kwa Kiswahili hayana udugu wowote. Mfasiri aliye mwaminifu kwa neno ataua kicheko palepale. Ilipotoka tafsiri ya Kiswahili, Elisi katika Nchi ya Ajabu, mwaka 1940, Elisi alichorwa msichana wa Kiafrika, na hadithi haikuharibika kwa hilo.

Lakini uhuru wa kubadili nao una mpaka. Katika kitabu, Alice huishinda baraza ya malkia kwa neno tu: anawaambia kwamba wao ni karata, na wote wanaruka hewani. Tim Burton, katika sinema yake ya mwaka 2010, alimfanya Alice msichana wa miaka kumi na tisa, akamvika deraya, akampa upanga wa kumkatia dubwana kichwa. Na dubwana hilo Carroll alilitia katika shairi tu, ambalo Alice analisoma kwa kioo katika kitabu cha pili cha mwaka 1871. Watu wengi mno waliitazama sinema hiyo. Ila mwenye kushinda kwa akili amefanywa mwenye kushinda kwa chuma, na hasara hiyo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko kuacha sura kumi.

Aliyeuona ufumbuzi ni William Goldman. Katika riwaya yake The Princess Bride ya mwaka 1973 anajifanya kuwa anafupisha kitabu cha mtu aitwaye Morgenstern, ambaye hakuwako kamwe, na kila mara anakikatiza kwa maneno yake. Alipoiandikia sinema iliyoongozwa na Rob Reiner mwaka 1987, hakujaribu kuyahamisha maneno hayo. Alimweka babu kitini, akimsomea mjukuu mgonjwa. Buttercup yumo majini, mkunga mwenye kelele anamjia, mara babu anasimama kusoma na kumwambia mtoto kwamba hataliwa sasa, kwa kuwa amemwona ana hofu, mtoto anakana. Kila aliyekua akisikiliza hadithi za usiku, pale ambapo msimulizi haendelei mpaka aitikiwe, ataitambua hali hiyo bila kufundishwa. Msimulizi amerudi, safari hii ana uso, na msikilizaji wake yupo mbele yetu.

Wala si kurudisha tu. Katika riwaya, maneno ambayo mtumishi Westley humjibu Buttercup kila anapomwamuru, naye baadaye akafahamu kuwa yana maana ya upendo, ni mali ya wapenzi hao wawili. Katika sinema mtoto anamwomba babu arudi kesho amsomee tena, na babu, mlangoni, anamjibu kwa maneno yaleyale.