Aliyeshuka Garini: Kutazama Rush katika Kibanda cha Dadamu

Niliitazama Rush katika kibanda cha video hapa Dadamu, nimebanwa kwenye benchi kati ya binamu yangu na mwendesha boda boda mmoja ambaye hakuvua hata koti lake. Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Kijana wa kibanda alishika kipaza sauti akaitafsiri kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kilugbara, na kama ilivyo kawaida yake, akaongeza chumvi.

Filamu hiyo ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Ron Howard, inasimulia ushindani wa James Hunt wa Uingereza na Niki Lauda wa Austria katika Formula 1 ya mwaka 1976. Kibanda kilimchagua Hunt tangu mwanzo. Ana sura nzuri, anacheka, anakunywa. Lauda alipewa jina la "mwalimu wa hesabu". Lakini gari lake liliposhika moto Nürburgring, kibanda kizima kilinyamaza, na aliporudi mashindanoni baada ya wiki sita tu, vidonda havijapona, akamaliza wa nne kule Monza, walewale waliomcheka wakampigia makofi.

Shangwe kubwa kuliko zote ilikuja Hunt alipompiga mwandishi wa habari aliyemdhihaki Lauda kwa sababu ya uso wake ulioungua. Tukio hilo ni la kubuni. Mimi silichukii, maana linakaribia ukweli ambao filamu imeupunguza mahali pengine: watu hawa wawili walikuwa marafiki tangu ujana wao, kabla ya umaarufu.

Shida yangu ni Fuji, Japani, mbio za mwisho. Mvua inanyesha kupita kiasi, na Lauda anasimamisha gari baada ya mizunguko miwili. Mtafsiri wetu akatangaza, "Ameogopa!" Kicheko. Neno hilo sikulisikia kwenye skrini. Yule wa boda boda akasema kwa sauti, "Wewe umewahi kuendesha kwenye mvua? Nyamaza." Wengine wakamzomea. Hakujibu tena.

Nilimlaumu mtafsiri njia nzima nikirudi nyumbani. Baadaye nikaona kwamba filamu yenyewe ndiyo iliyomfungulia mlango. Ni kweli inamheshimu Lauda pale anaposimama, lakini inamwonyesha kama mtu aliyekata shauri peke yake, kisha kamera inamkimbilia Hunt na matairi yake yanayoisha. Siku ile madereva wengine watatu pia walijiondoa kwa hiari: Carlos Pace, Larry Perkins na Emerson Fittipaldi, ambaye alikuwa bingwa wa mwaka 1972 na 1974. Kama tungewaona wote wanne wakishuka, nani angecheka? Hunt alimaliza wa tatu akatwaa ubingwa kwa alama 69 dhidi ya 68 za Lauda. Tofuti ya alama moja ni tamu kwa sinema, na nadhani utamu huo ndio uliowafanya watengenezaji waharakishe pale palipohitaji utulivu.

(Ushindani wa namna hiyo tunao hata sisi. Katika Safari Rally ya mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilingana alama na Harry Källström wa Sweden, wote wakiendesha Datsun, na ushindi akapewa Mehta. Hiyo ilikuwa miezi michache tu baada ya Waasia kufukuzwa nchini. Filamu hiyo ningeilipia mara mbili.)

Naandika haya kwa sababu binamu yangu naye ni wa boda boda. Hubeba abiria hadi Koboko, na akichelewa kwa sababu ya mvua, abiria humwambia maneno yaleyale ya mtafsiri. Yeye bado anashikilia kwamba Lauda aliogopa. Nimempa filamu kwenye flashi aitazame tena, safari hii bila kipaza sauti.