Kuipima Laini ya Kajiado Ukiwa Kitengela

Programu iliyojaribiwa Kitengela pekee huonekana bora kuliko ilivyo. Faiba imefika mitaani, Nairobi iko karibu, na KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti hubadilishana data, kiko hukohuko jijini. Pakiti za data huenda kwenye seva ya Nairobi na kurudi kwa milisekunde chache tu. Ipeleke programu hiyo kwa shule iliyo ndani kabisa ya Kajiado, upande wa Mashuuru au Torosei, inayotegemea setilaiti iliyo mbali angani, na huenda ikagoma siku ya kwanza. Ndiyo maana fundi makini huuleta umbali mezani kwake.

Kifaa kinachotumika sana ni netem, sehemu ya Linux iliyoandikwa na Stephen Hemminger. Huzishika pakiti kwa muda uliouweka, kisha huziachilia. Kuitumia kwahitaji amri moja, na wepesi huo ndio unaowaponza wengi.

Kwanza, muda gani? Setilaiti inayoonekana kusimama juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ombi hupanda na kushuka, na jibu vilevile, hivyo mwendo wa mwanga pekee hula karibu milisekunde 480. Ukijumlisha mitambo, 600 ni makadirio yanayofaa: 300 za kwenda, 300 za kurudi. Kenya inaujua muda huo, kwa kuwa kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu ya intaneti na dunia yalitegemea setilaiti.

Pili, wapi? Netem isikae kwenye kompyuta inayotuma. Linux huhesabu pakiti zake zilizokwama ndani ya mashine hiyohiyo na kujizuia kutuma nyingine, jambo ambalo haliwezi kutokea kwa pakiti zilizokwisha kuondoka. Weka kompyuta ya katikati yenye kadi mbili za mtandao, nayo icheleweshe kila upande.

Sasa mtego mkubwa. Netem, usipoiambia vingine, hubeba pakiti 1,000 tu kwa wakati mmoja. Laini ya megabiti 100 kwa sekunde, ikicheleweshwa milisekunde 300 kwa upande mmoja, huwa na megabiti 30 njiani: pakiti 2,500 za baiti 1,500. Zinazozidi kikomo hutupwa. Kwa hesabu hiyo laini yako ya 100 haiwezi kuvuka 40, na TCP, kanuni inayosimamia kasi ya kutuma data, ikidhani kuna msongamano, hushuka chini zaidi. Ripoti huandikwa kwamba setilaiti ni mbovu au kanuni ya TCP ni dhaifu, kumbe kilichoangusha jaribio ni kifaa cha kupimia. Kikomo kipandishwe hadi 10,000 kabla ya kupima chochote.

Vivyo hivyo kwa mtetemo wa muda, yaani kuchelewa kunakobadilikabadilika: netem huchelewesha kila pakiti kivyake, kwa hiyo ya nyuma inaweza kuitangulia ya mbele. TCP hulisoma hilo kama upotevu.

Msongamano wenyewe upewe mashine yake, mbali na ile ya umbali, ili ijulikane kuchelewa kupi kumetokana na foleni. Umbali haupunguziki, foleni hupunguzika. CoDel, kanuni ya kusimamia foleni waliyoitoa Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012, huanza kutupa pakiti kuchelewa kwa foleni kukikaa juu ya milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100. Hizo 100 zatosha kwa safari nyingi za faiba. Kwa safari ya 600 ni chache mno: CoDel hutupa kabla mtumaji hajapata nafasi ya kuitikia, na laini haitumiki kikamilifu. Muda huo uongezwe ulingane na safari.

Mnaoziandikia programu shule na zahanati za Kajiado, zijaribuni kwa milisekunde 600 kabla ya kuzikabidhi, na katika kila ripoti andikeni kikomo cha foleni mlichotumia.