Mkono wa Mkandaji

Ukandaji, yaani kazi ya kubinya, kusugua na kunyoosha mwili kwa mikono ili kuondoa uchovu na maumivu, ulipata heshima yake kubwa katika upwa wa Waswahili kwenye nyumba yenye mzazi, maana mwanamke aliyejifungua alitunzwa na wakubwa wake mpaka itimie arobaini, na mkandaji alikuwa nguzo ya matunzo hayo.

Mkandaji hodari hakuanza kwa nguvu. Aliupasha moto uto wa nazi au wa ufuta viganjani mwake, akamlaza mzazi mkekani, kisha akapapasa mgongo, kiuno na nyonga akitafuta palipokaza, na hapo tu ndipo alipotia gumba, akisita kila pumzi ya mzazi ilipokatika. Tumbo aliliachia mwisho, akalipitishia viganja vyepesi na kulifunga kwa mkaja, kitambaa kirefu kinachozungushwa tumboni na kiunoni ili kumtegemeza mzazi. Utulivu huo haukupatikana kwa haraka: binti alimfuata bibi au somo yake kwa miaka, akishika chombo cha mafuta na kutazama, kabla ya kuaminiwa hata miguu.

Si kila la kale lilikuwa jema, kwani wako wazazi waliokandwa kwa maji ya moto mno wakaungua. Lakini dawa ya kosa hilo ni mafunzo marefu zaidi, wala si mafupi. Japani, ambako ukandaji uitwao anma ulikuwa kwa karne nyingi kazi ya vipofu, taaluma hii ina sheria yake tangu mwaka 1947, na leo anayeitaka husoma si chini ya miaka 3 kisha hufanya mtihani wa taifa. Sababu ni nzito: mguu mmoja uliovimba na kuuma baada ya uzazi huenda una damu iliyoganda mshipani, na kuukanda kwaweza kuling'oa bonge hilo likafika mapafuni.

Inasikitisha basi kuona kazi hii ikikabidhiwa vijana waliofunzwa kwa wiki chache, wakajua kuwasha mishumaa na kupanga taulo kabla ya kujua mahali pasipokandwa, huku mabibi wanaojua wakizeeka bila wanafunzi. Mzazi wa mjini huruhusiwa kutoka hospitali kesho yake, na mkaja hununuliwa dukani, wenye vibanio vya plastiki, akaufunga mwenyewe, bila mtu wa kumpapasa na kumwambia kuwa nyonga yake ya kushoto bado imekaza.