Ruhusa Ambayo Haikutolewa

Jioni ya tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa ndege wa Haneda jijini Tokyo, mwongoza ndege aliiambia ndege ya walinzi wa pwani wa Japani maneno machache sana: wewe ni namba moja, nenda hadi kituo cha kusubiri C5. Rubani akayarudia kama alivyoyapokea. Alitaja C5, akataja namba moja, akashukuru. Hakuna aliyekosea hata neno. Kisha ndege hiyo aina ya Dash 8, iliyopakia misaada ya waathirika wa tetemeko la Noto la siku iliyotangulia, ikapita kituo cha kusubiri, ikaingia kwenye barabara ya kuruka na kutua, ikasimama humo kwa sekunde 40 hivi. Airbus A350 ya Japan Airlines ikaja kutua juu yake. Abiria na wahudumu wote 379 wa A350 walitoka kabla moto haujaiteketeza. Ndani ya Dash 8 walikuwamo watu 6, na aliyenusurika ni rubani mkuu peke yake.

Ajali hii inapaswa kutusumbua kuliko nyingine nyingi, kwa sababu inavunja maelezo tuliyoyazoea. Kwa karibu nusu karne, kila ndege zilipogongana ardhini, dawa ya kwanza ilikuwa kurekebisha maneno: yatamkwe vipi, yarudiwe vipi, lipi lipigwe marufuku. Haneda maneno yalikuwa sahihi, na bado watu 5 wakafa. Ninachodai ni kwamba usalama wa barabara ya kuruka hauwezi tena kubebwa na maneno peke yake. Ruhusa ya kuingia humo lazima ithibitishwe na kitu ambacho hakipiti kwenye sikio la mtu wala kutegemea imani yake.

Mazoea hayo ya kurekebisha maneno yalipata nguvu Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Bomu lililolipuka katika uwanja wa Gran Canaria lilifanya ndege nyingi zielekezwe Los Rodeos, uwanja mdogo wenye barabara moja tu ya kuruka. Ndege zilizoegeshwa ziliziba barabara ya kiungio, kwa hiyo Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, zikalazimika kutembea juu ya barabara ileile ya kurukia, ndani ya ukungu. Ya KLM ilifika mwisho na kugeuka. Rubani msaidizi akarudia maelekezo ya njia ya angani, ambayo hayakuwa ruhusa ya kuruka, akamalizia kwa kifungu ambacho mnarani kilieleweka kuwa wako tayari wanasubiri, ilhali ndege ilikuwa imeanza kukimbia. Mwongoza ndege akawaambia wasubiri, atawaita. Sekunde hiyohiyo Pan Am wakasema bado wamo barabarani. Sauti hizo mbili zikagongana kwenye masafa mamoja, na kilichosikika kwa KLM ni mlio mkali. Mhandisi wa ndege wa KLM aliuliza kama Pan Am wameshatoka, nahodha akajibu kwa uhakika kwamba wametoka. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Baada yake neno la kuruka likawekewa mpaka: hutamkwa tu ruhusa inapotolewa au inapofutwa. Mashirika nayo yakaanza kuwafundisha marubani wadogo kumpinga nahodha waziwazi. Sina shaka kwamba mageuzi hayo yameokoa maisha ya watu wengi. Lakini yaliacha jambo moja kama lilivyokuwa. Mbele ya marubani wa KLM hapakuwa na kitu chochote, ukiacha sauti za redio, kilichowaonyesha kwamba barabara ina ndege nyingine.

Wapo watakaosema kiini cha Tenerife ni nahodha mwenye haraka, na cha Haneda ni rubani aliyejidanganya, basi tuwafunze watu vizuri zaidi. Hoja hii haifiki mbali. Los Angeles, tarehe 1 Februari 1991, usiku usio na ukungu, mwongoza ndege aliiruhusu ndege ndogo ya SkyWest iingie barabarani na kusubiri. Akiwa amezongwa na shughuli za ndege nyingine, akaisahau, kisha akairuhusu Boeing 737 ya USAir itue palepale. Marubani wa pande zote mbili walitii kila walichoambiwa. Watu 35 walikufa. Rada ya ardhini siku hiyo ilikuwa haifanyi kazi, na kumbukumbu ya mtu mmoja ndiyo iliyokuwa kinga pekee. Haneda nayo haikuwa kosa la mtu mmoja. Rubani aliamini ana ruhusa, mnarani hawakuona kwamba ameingia, na marubani wa A350 hawakuitambua ndege ndogo gizani. Imani ya namna hiyo haiondoki kwa kumwambia mtu awe makini, kwa sababu anayeiamini anajiona yuko makini tayari.

Pingamizi zito zaidi linatoka Milano, na halistahili kurukwa. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2001, uwanja wa Linate ulifunikwa na ukungu kiasi cha kutoona zaidi ya mita 200 hivi. Cessna ndogo iliambiwa ipite barabara ya R5 kuelekea kaskazini. Rubani akarudia R5, kisha akashika R6, inayokata barabara ya kuruka. Njiani akataja alama ya S4 iliyopakwa chini. Mwongoza ndege hakuitambua, kwa sababu haikuwa kwenye ramani yake, akamruhusu aendelee. MD-87 ya SAS ilikuwa inakimbia kuruka. Jumla ya waliokufa ni 118, wakiwamo wafanyakazi 4 waliokuwa kwenye jengo la mizigo ambako MD-87 iliishia. Rada ya zamani ya ardhini ilikuwa imeondolewa na mpya haijafungwa. Vihisi vya kutambua anayeingia barabarani vilikuwa vimezimwa. Lakini kabla ya barabara ya kuruka kulikuwa na safu ya taa nyekundu, nazo zilikuwa zinawaka, na Cessna ikazipita. Je, hilo halionyeshi kwamba taa nazo hazifai? Hapana. Taa zile zilikuwa zinawaka wakati wote, na mnarani hawakuwa na uwezo wa kuzizima. Kila ndege iliyopita R6 kihalali ilizivuka zikiwa nyekundu. Taa isiyozimika haina habari yoyote ya kumpa rubani, na mbaya zaidi, inamfundisha kwamba nyekundu ni ya kupitwa.

Kwa hiyo tunachohitaji ni taa inayobadilika kulingana na hali halisi ya barabara, pamoja na kanuni isiyolegea: nyekundu ikiwaka, hakuna anayevuka, hata kama redio imemruhusu. Sauti na taa vikubaliane kwanza. Heathrow jijini London taa za namna hii hutumika usiku na mchana. Haneda zilikuwapo pia, ila za C5 zilikuwa kwenye matengenezo, na hata zingekuwa nzima zisingewashwa jioni ile, kwa sababu utaratibu wa Japani ulikuwa kuziwasha uwezo wa kuona unaposhuka chini ya mita 600. Hapa ndipo naona kosa kubwa la fikra. Ukungu huzuia macho, lakini kilichomwingiza rubani wa Dash 8 barabarani ni dhana, nayo haingoji ukungu.

Zipo hoja mbili za wenye shaka. Ya kwanza ni gharama, na ni ya kweli kwa mifumo mikubwa. Marekani imefunga katika viwanja vyake 20 hivi taa zinazoongozwa na rada na kompyuta, zinazogeuka nyekundu zenyewe barabara inapokuwa na ndege, bila mwongoza ndege kugusa swichi. Si kila nchi itazimudu. Ila safu ya taa kwenye mlango wa barabara, inayowashwa na kuzimwa kutoka mnarani, ni ya bei nafuu zaidi, na kwingine imeshafungwa tayari inangoja kutumiwa. Hoja ya pili inasema kengele ya mnarani inatosha. New York, tarehe 13 Januari 2023, kengele ililia Boeing 777 ya American ilipokatiza mbele ya 737 ya Delta iliyokuwa inakimbia kuruka. Mwongoza ndege akafuta ruhusa, Delta ikasimama. Nakubali, ilifanya kazi. Haneda pia skrini ilitoa onyo, lakini halikuwa na sauti, na hakuna aliyeliona. Tena onyo linalopitia mnarani lina safari ndefu: mwongoza ndege alitambue, aamue, abonyeze redio, rubani asikie, ndipo atende. Ndege inayotua hupita zaidi ya mita 60 kila sekunde.

Siku chache baada ya Haneda, Japani ilisitisha kwa muda matumizi ya maneno namba moja redioni, ikamweka mtu wa kuikodolea macho ile skrini muda wote. Hatua hizo zinaeleweka kwa nchi iliyotoka kuzika watu wake. Lakini ya kwanza ni marekebisho ya neno, na ya pili ni jozi nyingine ya macho itakayochoka kama ile ya kwanza. Rubani mwingine aliyesimama C5, akiamini kwa moyo wote kwamba ameruhusiwa, bado hana mbele yake kitu cha kumpinga mpaka taa zile ziwashwe kila siku, ukungu uwepo usiwepo.