Sheli Njema Hukaguliwa Kabla ya Zege

Mwenye sheli akikutembeza kituoni kwake, atakuonyesha paa, taa na pampu zinazong'aa. Wewe mwombe afunue chemba iliyo juu ya tenki. Ujuzi wa waliomjengea uko humo na chini ya zege, na sehemu kubwa ya kazi yao hufukiwa mara tu inapokamilika. Anayetaka kujenga sheli Masasi, Newala au upande wa Lulindi awepo mtaro ukiwa bado wazi.

Kinachofukiwa mtaroni humo ni bomba la kuta mbili, yaani bomba ndani ya bomba. La ndani hubeba mafuta. La nje halibebi kitu, na hapo wengi hukosea wakidhani ni koti tu la kulikinga lile la ndani. Kazi yake ni kutunza uwazi ulio katikati, ili la ndani likitoboka mafuta yaingie humo, yateremke hadi kwenye chemba na kuonekana kabla hayajagusa udongo. Uwazi ukizibwa, ukijaa maji au ukikosa wa kuuangalia, umenunua bomba la ukuta mmoja kwa bei ya mawili. Kila hatua ya kazi hii mimi naipima kwa swali moja: uwazi utabaki hai?

Kwa watu wa Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, swali hili lina uzito wake. Udongo wa kule juu ni wa kichanga, mvua huzama badala ya kutiririka, na maji ya kunywa yamekuwa yakipandishwa kwa mashine kutoka mabondeni kama Kitangari. Zamani kina mama waliteremka ukingo mzima wa uwanda kuyafuata. Petroli iliyovuja kwenye mchanga huo nayo hufuata njia ya mvua, na haipigi hodi. Sheria ya Petroli ya 2015 inaipa EWURA, mdhibiti wa nishati, usimamizi wa vituo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaipa NEMC, baraza la mazingira, sauti yake, lakini mkaguzi hawezi kulala mtaroni. Wa kulala pale ni wewe, au mtu wako.

Anza na mtaro wenyewe. Newala shida ni kingo zinazobomoka na kumwaga mchanga wenye mizizi juu ya bomba. Masasi, chini ya ile milima ya mawe, shida ni mwamba. Fundi mvivu akikutana na jiwe hulipandisha bomba juu yake kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachoharibu kazi. Bomba linatakiwa kuteremka kuelekea kwenye tenki bila kupanda tena popote, walau sentimita moja kwa kila mita. Pampu ikiwa mita 30 kutoka kwenye tenki, tofauti ni sentimita 30. Usikubali kupimiwa kwa macho. Pima maji iwekwe juu ya bomba kila baada ya hatua chache. Penye mbonyeo mafuta yaliyovuja yatatuama, na chemba itabaki kavu ikikudanganya. Chini na kandokando ya bomba pawe na mchanga safi uliochekechwa au kokoto ndogo za mviringo. Udongo uliochimbwa, wenye vipande vya mawe makali, usirudishwe kuligusa.

Mabomba ya siku hizi ni ya plastiki ngumu, kwa sababu chuma kilichofukiwa huliwa na kutu. Mengi huja yamekunjwa mizingo. Ukiona mzingo umeachwa juani wiki kadhaa bila turubai, uliza. Plastiki hiyo hutanuka kwa joto, kwa hiyo fundi anayejua hulilaza bomba asubuhi, akaliacha lijinyooshe, ndipo akakata. Aliyekata saa nane mchana kwa kipimo cha mwisho kabisa atakuta usiku limejivuta kwenye maungio.

Kwenye maungio ndipo ninapopenda kusimama muda mrefu, maana mkono wa fundi huonekana hapo. Ncha hukatwa wima kabisa. Kisha ngozi ya juu ya plastiki, iliyochakaa kwa hewa, huondolewa kwa kisu maalumu cha kukwangua: utaona ukanda mwembamba ukijikunja na kudondoka, na chini yake plastiki yenye rangi mbichi. Msasa haufai, kwa kuwa husugua uchafu na kuuingiza ndani zaidi. Sehemu iliyokwanguliwa hupanguswa kwa spiriti na kitambaa safi, na tangu hapo haiguswi kwa kidole, hata cha fundi mkuu. Anatia alama ya kalamu kuonyesha bomba litazama kiasi gani kwenye soketi, analibana lisitikisike, ndipo mashine ya kuchomelea kwa umeme inawashwa. Umeme unaoyumba huharibu kiungo bila kuacha dalili nje, hivyo jenereta ya kutosha si anasa. Halafu inakuja subira ya kupoa. Fundi mzuri huandika saa pembeni ya kiungo na kukataza mtu kukigusa kabla ya muda. Mimi nikikuta viungo vyote vimeandikwa saa, nusu ya wasiwasi wangu huisha.

Majaribio ya presha ni mawili, si moja. Bomba la ndani hujazwa hewa peke yake, na uwazi nao hujazwa kwa presha yake ndogo, kwa viwango vilivyoandikwa na mtengenezaji, huku kila kiungo kikipakwa povu la sabuni. Bomba lililowahi kupita mafuta halijazwi hewa, hutumika naitrojeni. Plastiki hutanuka kidogo presha inapoingia, kwa hiyo mshale wa geji ukishuka mwanzoni usimshike fundi shati. Na jua la mchana likipiga bomba lililo wazi, mshale hupanda kidogo. Geji ambayo mshale wake haujasogea hata unywele tangu alfajiri hadi adhuhuri mimi naitilia shaka kuliko iliyocheza, maana huenda kuna valvu imefungwa kati yake na bomba.

Sasa rudi kwenye chemba. Mwisho wa bomba la nje hubanwa kwa mpira wakati wa kujaribu presha. Kwenye mifumo inayotegemea chemba, mpira huo unatakiwa kufunguliwa baada ya jaribio ili uvujaji upate pa kutokea. Wengi husahau. Sheli inafunguliwa kwa ngoma na pilau, uwazi umezibwa ncha zote mbili, na kila mtu ana amani. Ukaguzi huu mmoja unachukua dakika chache na tochi.

Tazama pia alama za maji kwenye kuta za chemba. Chemba inayoingiza maji masika huliza kengele kila siku, mpaka mfanyakazi anachoka na kukinyanyua kihisi kinachoiliza, akakifunga juu kwa waya. Kihisi kilichoning'inia karibu na kifuniko hakitaona mafuta mpaka chemba ijae. Ukikikuta hivyo, usigombane na kijana wa pampu. Tafuta mpenyo wa maji pale bomba linapoingilia ukuta wa chemba.

Kabla ya kulipa malipo ya mwisho, agiza ndoo ya maji. Kihisi kitolewe na kutumbukizwa humo mbele yako, mtu mmoja akiwa kwenye pampu anatoa mafuta. Kengele ilie, na kama mfumo wenu ni wa kujizima, mafuta yakatike. Kengele ikilia huku pampu inaendelea kumimina, muite fundi umeme kwanza, na hela ya fundi bomba ibaki mfukoni mpaka wawili hao wakubaliane kosa ni la nani.